Yule wa Ndoo Ni Mama Yangu

4 Februari

Wifi yangu,

Huku tunapumua, na maadamu tunapumua nakusalimu. Natumai mgongo umepungua na kwamba huko hotelini wamekupa kile kiti ulichoomba cha kukalia unapopiga pasi. Ndugu yako mzima. Kibanda chake cha kinyozi kina wateja, juzi amenunua kioo kipya maana cha zamani kilimfanya kila mtu aonekane amekonda. Kuku wetu mmoja amepotea, yule mweusi mwenye kiburi. Nadhani kaondoka kwa hiari yake.

Sasa nina jambo, na nalisema upesi kabla mkono haujaogopa. Mtu akikuuliza Chiriku yuko wapi, sema yuko kwako.

Usishtuke. Najua hayuko kwako. Ndugu yako ameshautangazia mtaa kwamba binti kaenda kumsaidia shangazi yake, kubadilisha hewa. Kasema mbele ya kiti cha kunyolea, na likisemwa pale limeshaenea.

Mtoto anaumwa, wifi. Ilianza na kukosa usingizi. Halafu akawa anasikia watu wanamwita jina lake ndani ya bomba la maji. Nikalifunga bomba kwa kitambaa. Akasema sasa wananong'ona. Mwisho akanyamaza kabisa, yeye ambaye tulimpa jina la Chiriku kwa kelele zake. Siku alipotoka bila viatu akaenda kukaa katikati ya barabara kuu, magari yakimkwepa, nilimbeba nikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilikwenda peke yangu kwa sababu ndugu yako alisema ana mteja. Ni kweli alikuwa na mteja, nilimwona kwa macho yangu. Ila alikuwa ameshamaliza kumnyoa.

Wamemlaza. Tangu siku ile sijamwona. Kila nikienda, mlinzi anasema mgonjwa hajazoea, njoo wiki ijayo, acha kifurushi hapa. Naacha. Juzi nilimwona mlinzi amevaa soksi zinazofanana sana na za Chiriku, lakini soksi zinafanana.

Simu usinipigie kwa habari hii. Tumepakana ukuta na yule mama wa mlango wa pili, na ana masikio ya kukodisha. Andika, umpe dereva wa lori la mizigo.

Mimi wifi yako nisiyelala.


21 Februari

Wifi yangu,

Barua yako imefika imelowa kona moja, nadhani dereva aliiwekea kikombe juu. Mgongo wangu ni ule ule. Kiti kimekuja, akakalia msimamizi.

Nimelia, kisha nikaacha, maana mashuka ya hoteli yakidondokewa machozi lazima yafuliwe upya.

Sasa nisikilize. Mama wa mlango wa pili kanipigia simu anataka kumsalimia Chiriku. Nikasema anaoga. Akapiga tena jioni, nikasema bado anaoga. Wifi, huyu mtoto amekuwa msafi kuliko wote katika ukoo wetu.

Na ndugu yangu kaniletea ujumbe: "Asante kwa kumtunza." Nimeusoma na kuurudia. Anajua binti hayuko kwangu, anajua kwamba najua, na bado kaandika asante. Nikajibu: "Karibu."

Nimeweka humu karatasi nyingine, ya kusomwa kibandani. Nimesema Chiriku amenenepa, anapiga pasi mashuka mwenyewe, na anacheka. Kama nimezidisha, punguza.

Nina swali moja tu. Hiyo hospitali ni ile yenye ukuta mrefu wa njano?

Shangazi wa msichana anayeoga.


11 Machi

Wifi yangu kipenzi,

Salamu zako zimenifikia na sabuni pia, harufu yake imeingia mpaka kwenye unga. Yule kuku mweusi karudi. Hakusema alikokuwa. Barua ya kibandani ndugu yako aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, na alipofika kwenye "anacheka" akaenda kunoa mkasi ambao ulikuwa mkali tayari.

Ukuta ni wa njano, ndiyo, umebanduka sana. Umeujuaje wewe, uliyeondoka huku kabla sijaolewa?

Sasa shika kitu. Nimeingia ndani.

Sikupanga. Nilikuwa nimesimama getini na kifurushi changu, bwana mmoja akaja anafoka, "Wewe ndiye wa usafi? Mbona umechelewa?" Nikasema samahani, foleni. Akanipa ndoo, dekio na glovu. Huyo ndiye msimamizi wa usafi. Kumbe kuna mwanamke alitakiwa kuanza kazi siku hiyo na hakutokea. Mungu ambariki alipo.

Ukutani wameandika kwamba mwenye jamaa wodini haruhusiwi kufanya kazi wodini. Kusoma kwangu unakujua, nasoma polepole. Sijafika mwisho wa tangazo lile mpaka leo.

Ndani uso wangu hawaujui, maana wazazi wote tunaishia getini; mlinzi anaujua, lakini naye ana soksi za kuelezea. Wodi ya wasichana ni chumba kirefu, vitanda vimebanana, wengine wanalala wawili wawili, mguu wa huyu kichwani kwa yule. Hakuna saa wala kalenda. Madirisha yako juu, anayetaka kujua kama mvua inanyesha asikilize bati. Dawa inapita na kikombe kimoja cha plastiki, mdomo hadi mdomo. Anayelia anachomwa sindano. Anayecheka sana naye anachomwa. Usipolia wala kucheka, wanasema umepata nafuu.

Muuguzi ni mmoja kwa wodi nzima. Tunamwita Sista Funguo, utamsikia kabla hujamwona. Si mtu mbaya. Miguu imemvimba na hana pa kukaa. Daktari anakuja Jumanne, anasimama mlangoni kama mtu aliyeacha gari linanguruma.

Nilipofika kwenye kitanda chake nilikuwa nimeinama napiga deki. Nikainua macho. Wamemnyoa, wifi, wanasema ni chawa. Kichwa kina mabaka kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Mtoto wa kinyozi. Akanitazama, nikaweka kidole mdomoni. Machozi yakampita pembeni mpaka masikioni, lakini sauti hakutoa. Ameshajifunza sheria za mle.

Jumanne daktari akamuuliza kutokea mlangoni, "Leo ni siku gani?" Akatikisa kichwa. Daktari akaandika. Sasa mle ndani mtu atajuaje? Kwa hiyo kila asubuhi nikifika kwake naiambia ndoo yangu: "Leo ni Jumatano. Baba yuko salama. Kuku mweusi karudi." Sista Funguo kanisikia, akauliza, "Mama, unaongea na ndoo?" Nikasema ni mazoea. Akasema, "Angalia usije ukapewa kitanda."

Ndugu yako anajua nimepata kazi ya usafi. Hajauliza wapi.

Wako, mwenye deki.


30 Machi

Wifi,

Hujambo wewe na ndoo yako? Huku wageni ni wengi, kila mgeni anataka shuka lililonyooka kama sahani, kisha analala juu yake na viatu.

Nilikuwa nakuona mpole. Nimekosea miaka yote hii. Ningejua una moyo huu ningekuogopa tangu siku ya harusi yenu.

Chiriku wangu wa huku anaendelea vizuri. Kibandani waambie amejifunza kukunja shuka la kona za mpira, jambo ambalo hata mimi hunishinda. Mama wa mlango wa pili anataka picha. Nimesema simu yangu haipigi picha. Kasema si ndiyo niliyomtumia picha ya mgongo wangu? Nimesema tangu ipige mgongo wangu haijapona.

Kuhusu ukuta: njano ni rangi inayopendwa na wakubwa wa majengo. Mtu anaweza kukisia tu.

Usimpigie kelele ndugu yangu. Wala usimwache. Sijui katikati ya hayo mawili kuna nini, lakini fanya hicho.

Kuwa mwangalifu na mtoto. Ana miaka kumi na tano, na mdomo wa Chiriku haufungwi kwa kidole milele.

Wifi yako wa pasi.


18 Aprili

Wifi,

Nakusalimu nimesimama, nikikaa nitalala. Sisi wazima kiasi. Kuku mweusi ameatamia mayai ambayo sina hakika ni yake.

Ulisema mdomo haufungwi milele. Sikiliza.

Niliteleza kwenye maji niliyomwaga mwenyewe, nikaanguka chini puu, ndoo ikaenda upande wake. Chiriku akaruka kitandani akapiga ukelele: "Mama!" Neno lake la kwanza tangu alazwe. Nililisubiri neno lile, wifi, na lilipokuja nikaombea liwe halikusikika.

Sista Funguo akaja. "Unamwita nani?"

"Mama. Yule wa ndoo ni mama yangu."

Sista akanitazama mimi, nami nikaitazama sakafu. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema palepale. Lakini nikawaza, nikifukuzwa, kesho nani atamwambia ni siku gani?

Jumanne daktari akaambiwa. Akaingia mpaka ndani, kwa mara ya kwanza. Akamuuliza kwa upole, "Tangu lini unaona kwamba msafishaji ni mama yako?"

Chiriku akasema, "Tangu nizaliwe."

Daktari akaandika muda mrefu. Akaongeza dawa. Siku ya pili mtoto hakuweza kushika kijiko. Uji ulimtiririka kidevuni, macho yapo lakini mwenyewe hayupo. Nikalitupa dekio nikamfuata Sista, nikasema, "Ni kweli, mimi ni mama yake." Sista akasema dawa ni ya daktari, nimsubiri Jumanne.

Nikamsubiri. Nikamwambia, "Daktari, mimi ndiye mama mzazi."

Akaniwekea mkono begani. "Mama, una moyo mzuri. Lakini usimkubalie mgonjwa ndoto zake, unamzidishia."

"Si ndoto. Nilimzaa."

"Mama yake mzazi hajawahi hata kuja kumwona. Imeandikwa."

Nilikuja, wifi! Nimekuja mpaka mlinzi anavaa soksi zangu! Nikatoa kitambulisho. Kina jina la baba yangu, faili la mtoto lina jina la ndugu yako, havifanani hata herufi. Siku ya kumlaza niliulizwa getini mkubwa wa familia ni nani, nikamtaja mume. Nani hamtaji mume? Sasa daktari anasema atakayemsikiliza ni huyo aliyetajwa, vinginevyo mtoto akiendelea kumwita msafishaji mama, Jumanne ijayo anaongeza tena. Mimi akanishauri nipumzike.

Nimemwambia ndugu yako yote. Nilisema kwa sauti ya chini kwa ajili ya ukuta wa jirani, kisha nikasahau ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitana. Akasema, "Jumanne nina wateja."

Sina tena wa kumwambia. Ndiyo maana nakwambia wewe.


24 Aprili

Wifi,

Sina salamu ndefu, dereva ananguruma nje.

Tulikuwa watatu. Kaka yetu mkubwa alipelekwa nyuma ya ukuta ule, na ndugu yangu, akiwa mdogo, ndiye aliyemshika mkono mpaka getini, maana kaka hakukubali kushikwa na mtu mwingine. Aliambiwa akirudi wiki ijayo atamwona. Hakumwona tena. Nyumbani tukafundishwa kusema kaka alisafiri. Mpaka leo hajafika.

Sasa unajua rangi ya ukuta nimeijuaje.

Dereva huyu huyu nimempa na barua ya kumpa kinyozi wako. Ni fupi. Usiniulize nimeandika nini.


14 Mei

Wifi yangu, dada yangu, sijui nikuite nani leo,

Pokea salamu za nyumba nzima, na nyumba nzima safari hii ni nyumba nzima. Mayai yameanguliwa. Kuku mweusi ni mama mzuri, hakuna aliyetegemea.

Habari ya kibandani nimeipata kwa mama wa mlango wa pili, ambaye kwa mara ya kwanza alisimulia bila kuongeza, maana hapakuwa na pa kuongezea. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Ndugu yako alikuwa anamnyoa ndevu yule mwalimu wa hesabu, amemaliza upande mmoja. Mtu benchini akauliza kama kawaida, "Vipi, Chiriku bado anafaidi kwa shangazi?" Ndugu yako akazima mashine. Akasema, "Chiriku hayuko kwa shangazi yake. Yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Namfuata." Akatia mkasi na kitana mfukoni, akaondoka. Mwalimu akauliza, "Na mimi?" Akaambiwa, "Subiri."

Mimi nilikuwa napiga deki ukumbini. Mlinzi akaja akanong'ona kwamba kuna mwanamume ameshika geti tangu asubuhi, haingii wala haondoki, ni wangu? Nikaenda. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. Sikumpigia kelele wala sikumwacha. Nilimwambia, "Nishikie ndoo, nzito." Akaachia nondo, akashika ndoo. Tukaingia hivyo.

Daktari alikuwa mlangoni pa wodi. Alimwuliza jina, likafanana na faili. Akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Anafanya nini hapa?"

"Anapiga deki."

Akamnyooshea kidole mtoto, aliyekaa kitandani kama nguo iliyosahauliwa. "Na huyu?"

Ndugu yako alikuwa anakitazama kile kichwa. Akakizunguka, akakiinamia, akapitisha kidole kwenye mabaka.

"Nani kamnyoa huyu?"

"Nimekuuliza ni nani wako."

"Ni mwanangu. Sasa na mimi nauliza, nani kamnyoa?"

Daktari akasema, "Kumbe." Akaandika. Nadhani aliandika hivyo hivyo, maana lilikuwa neno moja.

Msimamizi wa usafi akaitwa, nikafukuzwa kazi palepale. Nikaomba nimalizie ukumbi kwanza, ulikuwa umebaki nusu na maji yanatelezesha. Akakubali, nikamalizia, nikarudisha glovu.

Tulitaka kumchukua siku ile ile, daktari akakataa, akasema dawa nyingi hivyo haziachwi ghafla, na hapo alisema kweli. Akazipunguza. Tukaruhusiwa kuingia kila siku, na ndugu yako akaingia kila siku. Aliuliza kila kidonge ni cha nini, akaambiwa, kesho yake akauliza tena kuona kama jibu ni lile lile.

Siku ya kutoka alimkalisha kwenye benchi la uani, akamfunga shuka shingoni, akaanza kumsawazisha nywele. Alikwenda polepole. Chiriku alifumba macho, kichwa akakiachia mkononi mwa baba yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Alipomaliza, nyuma palikuwa na msichana mwingine amesimama, na nyuma yake mwingine. Akawasawazisha wote. Sista Funguo akaja, nikadhani anatufukuza, kumbe alitaka benchi. Akakaa, akanyoosha miguu, akasema, "Mimi nipunguze nyuma tu."

Tulipotoka, ndugu yako hakuja moja kwa moja barabarani. Alitembea kando ya ukuta, kiganja kinapita juu ya rangi ile mpaka kwenye kona, kama mtu anayetafuta mlango mwingine. Tukamsubiri. Sikumuuliza, nawe usimuulize.

Yule mwalimu, wifi, jioni ile ya Jumanne ndugu yako aliporudi alimkuta bado amekaa, upande mmoja una ndevu. Alisema aliambiwa asubiri.

Mtoto hajapona, sikudanganyi. Anakunywa dawa, Jumanne tunampeleka na kurudi naye. Bomba bado halipendi, juzi alisema linamwita tena, baba yake akaketi naye karibu na bomba wakasikiliza pamoja. Akamwambia, "Mimi silisikii, lakini kama unalisikia niko hapa." Wasichana wengine bado wako mle, na kikombe ni kile kile kimoja. Nimepeleka vikombe, mlinzi akavipokea. Najua atavinywea yeye. Kesho narudi na vingine, nitavipeleka mpaka mkononi mwa Sista.

Mtaani wengine wametupungia mkono kwa mbali, wengine wamekuja. Mama wa mlango wa pili kaleta uji na hakuuliza kitu, nikaogopa anaumwa.

Chiriku nimemsomea uliyoyaandika kuhusu Chiriku wa huko. Kasikiliza yote, kuhusu yule anayeoga, aliyenenepa, anayekunja shuka la kona za mpira. Akasema angependa siku moja kuonana naye. Nadhani ilikuwa utani. Tulicheka, kisha nikaangalia mlangoni, mazoea ya mle.

Uje, wifi. Mgongo utapumzika huku huku, kiti kipo.

Hapa chini anataka kuandika mwenyewe. Mkono unatetemeka kwa sababu ya dawa, utasoma polepole.

*Shangazi shikamoo. Leo ni Alhamisi.*